Kiti cha Tisa

Kikao kilipangwa saa tatu asubuhi.
Saa mbili na nusu tulishafika,
tukipuliza ndani ya viganja. Juni ya Mbeya
haina adabu: ukungu ulishuka kutoka Loleza
ukaingia ukumbini bila kupimwa joto.

Sisi tulipimwa. Mlinzi akanielekezea kile kibastola
kwenye paji la uso, akasoma, "Thelathini na tatu!"
akacheka, "Mbona umeshakufa?"
Kisha akakumbuka. Akainamia ndoo ya maji tiririka
kana kwamba koki imemwita.

Mimi ni katibu. Naandika yanayosemwa mezani.
Msajili alituhesabu kwa ncha ya kalamu:
"Barua yenu inataja wajumbe tisa. Naona wanane.
Akidi haijatimia."
Sekela akasema, "Wa tisa tulimzika Jumamosi, Kyimo."
Msajili akavua miwani iliyojaa mvuke wa barakoa,
akaifuta, akaivaa,
akahesabu tena.

Hilo halimo kwenye muhtasari.

Ipyana alifundisha semina nne kwa wiki, akalipwa mbili.
Chuo kilipofungwa alikuwa akipanda kilima nyuma ya Uyole
kutafuta mtandao, akiwatumia wanafunzi sauti yake
vipande vya dakika tano tano, kwa bando lake mwenyewe,
upepo ukivuma nyuma ya nadharia
na mbwa wa jirani wakiunga mkono hoja.
Chuo kilipofunguliwa akapewa karatasi mia mbili na kumi na nne
na chumba chenye dirisha lililopigwa misumari.
Alipoanza kukohoa tulimfukiza: mkaratusi, mchaichai,
blanketi la bweni. Alichomoza chini yake akitiririka jasho,
akauliza karatasi zake ziko wapi.
Bima hakuwa nayo. Tulichanga.
Hospitali waliandika: changamoto ya upumuaji.
Neno pana hilo, changamoto.
Linamwingia mtu mzima pamoja na jeneza lake.

Gwamaka akainuka, akafungua begi,
akaliweka furushi la mitihani juu ya kiti kitupu.
"Huyu hapa," akasema. "Hesabu."
Feni haikuwa ikizunguka lakini tuliitazama.
Nikaandika: Waliohudhuria, tisa.

Tuliomba bima. Tuliomba bando, na dirisha linalofunguka,
na saa zote tulizofanya kazi zihesabiwe.
Wakasema bajeti. Wakasema janga ni la dunia nzima.
Wakasema ninyi ni wanafunzi, hii ni sehemu ya mafunzo.
Ndipo Atuganile, ambaye siku zote husema mwisho, akasema:
"Baba yangu analima viazi Uporoto.
Mnunuzi huja na gunia, analijaza, kisha analishonea kilemba,
anashindilia mpaka kilemba kinakuwa gunia la pili,
halafu analipa moja.
Ninyi mnatununua kwa lumbesa."
Msajili naye ni mtoto wa viazi. Barakoa ilificha mdomo,
macho hayakuwahi kujificha.
Akaagiza chai.

Barua ilikuja baada ya siku kumi na moja.
Rejeeni kikao tajwa hapo juu. Uongozi unathamini mchango wenu.
Vitakasa mikono vitaongezwa.
Bando la shilingi elfu kumi, kwa mwezi huu tu.
Suala la bima linafanyiwa kazi.
Linafanyiwa kazi: na nani? Kwa malipo gani?
Dirisha halikutajwa.

Usiku ule tuligawana karatasi za Ipyana.
Zangu ishirini na saba. Ya kwanza alikwishaisahihisha,
mwandiko wake umelalia kulia kama mtu anayepanda mlima,
wino mwekundu, pembeni:

*Umejibu vizuri.
Lakini si swali lililoulizwa.*

Nilikaa nayo mpaka chai ikaganda utando.
Kisha nikaivuta barua ya chuo karibu na taa,
nikatafuta kalamu nyekundu.