Mazishi ya Simu

Nilisema tu, simu imekufa,
nikaiacha mezani, nikaenda kununua mkate.
Hapa Kutaisi mkate husubiriwa tanurini,
nikakawia.

Kurudi, namkuta Tekle, miaka minne na robo,
kajitanda kitambaa cheusi cha bibi yake.
"Pole, mama. Tumeshaizika.
Bibi Nazibrola hakulia. Anasema ana vitunguu vya kukata,
atalia huko huko."

Nikaifukua roshani, kwenye chungu cha rehani:
imevishwa soksi,
imewekewa biskuti moja ya njiani,
tayari ina meno.
"Nani kaing'ata?"
"Marehemu."

Nikaipangusa udongo, nikaichomeka ukutani.
Kioo kikawaka.
Mtoto akaruka, akapaza sauti
kama padri usiku ule wa mayai mekundu:
"Kweli amefufuka!"
Kisha akadai biskuti yake.

Halafu kimya. Akaufuata waya kwa kidole,
polepole, kutoka simu hadi tundu la umeme.
"Na chaja ya babu Vazha iko wapi?"

Nikageukia jiko, nikakoroga maharagwe
ambayo hayakuomba kukorogwa.
Dirishani mto Rioni ulinguruma, umeshiba theluji ya milimani.
Nikatafuta neno.
Nikaongeza chumvi. Nikatafuta tena.

Yeye hakungoja.
Alikwishamshika bibi mkono kwa mikono miwili,
anamvuta kutoka kitini, uso umemwiva:
"Nyanyuka, bibi, nyanyuka!
Umeikalia tena, kama miwani."