Basi

Saa nane usiku Gjakova imelala, mimi nakanda.
Theluji imeziba mlango wa nyuma,
nimeusukuma kwa bega kama kila Januari.
Unga kilo hamsini. Chumvi kilo moja.
Hamira kwa jicho tu:
baba hakuipima, nami sipimi.

Blerta alikuwa na wiki tisa
alipoanza kunyonya bila kushiba,
akilowesha nepi kumi na nne kwa siku.
Valdete alizihesabu. Mimi nikacheka, nikasema
kamrithi shangazi yake Myrvete, mpenda maji.
Nilicheka. Naliandika hapa lisije likafutika.

Hospitalini walimtoboa kisigino.
Sukari ilipita upeo wa mashine,
mashine ikakosa namba, ikaandika neno:
JUU.

Damu yetu watatu ikapanda ndege
kwenda nchi iliyoninyima viza mara mbili.
Tulingoja mpaka miti ikachanua,
kisha tukapanda basi la alfajiri kwenda Prishtina,
na Daktari Fitnete akachora duara
mgongoni mwa bahasha.

"Hii ni seli. Humu mna chumba cha kukunjia.
Protini huingia uzi, hutoka imekunjwa ikakunjika.
Zikiingia nyingi kuliko mikono,
zinarundikana, zinashikana, chumba kinajaa.
Hapa ukutani yupo msimamizi.
Akiona hivyo hubandika chembe ya fosfati
pale kazi mpya inapoanzia,
na mitambo inapunguza mwendo.
Jeni yake iko kwenye kromosomu ya pili.
Ninyi kila mmoja ana nzima moja na mbovu moja.
Mtoto kapata mbovu zote mbili."

Valdete akauliza, "Basi mwanangu hana nini?"
Daktari akaigeuza kalamu, akaigeuza tena.
"Hilo hilo ulilosema.
Hana basi."

Si kwamba seli za kongosho lake zilikuwa vivu.
Zilichapa kazi, maskini,
insulini juu ya insulini,
pasipo wa kuziambia tueni, pumzikeni,
zikafa zamuni.

Mimi hilo nalijua kwa mikono yangu.
Agosti moja, msimu wa harusi,
wakati watu wetu wanarudi kutoka Ujerumani na Uswisi,
swichi ya mashine ya kukandia iligoma kuzima.
Madonge juu ya madonge,
mabichi yakayagandamiza mabichi,
sinia zikaisha, tukaweka juu ya magunia, juu ya kiti.
Asubuhi hatukuwa na mkate hata mmoja wa kuuza.
Kuku wa Bajram walivimbiwa siku tatu.

Tuliporudi, Valdete hakusema kitu mpaka Klina.
"Bibi yako na bibi yangu, walitoka kijiji kimoja?"
"Pengine."
Dirisha lilikuwa na ukungu. Akalifuta kwa mkono wa sweta.
Hakuna aliyekosa, na hilo nalo
halikutupa pa kushika.

Siku hizi kipo kitu kimoja ninachopima.
Nusu ya uniti, mbele ya taa, pumzi nimezibana.
Homa ikimjia tunakimbia,
maana ini lake nalo halijui kutua.

Saa kumi naacha kinyunya, napanda ngazi,
nanawa mpaka kwenye viwiko,
namtoboa kidole cha mguu, kidogo kama harage.
Haamki. Nane nukta moja.
Kuna usiku inakuwa ishirini. Kuna usiku inakuwa mbili,
na Valdete anampaka maji ya sukari kwenye ufizi
huku anamwita kwa jina lake lote.

Juzi, mezani, alisukuma kijiko,
akafunga mdomo, akaufungua kwa ajili ya neno moja:
"Boll."
Ndilo basi la kwetu. Ndilo neno lake la kwanza.
Valdete akainuka akaenda kusimama karibu na sinki.
Mimi nikamwambia Blerta arudie,
akarudia, nikamwambia tena,
akarudia,
hadi chini kukanuka moshi.