Risiti

Friza ilikata roho usiku wa Jumatano,
siku ya tisa tangu niilipie.
Asubuhi jikoni palikuwa na kidimbwi chekundu,
na mbuzi wa harusi ya watu
alikuwa ameanza kusema kwa harufu.
Kilo sitini. Niliziburura mfuko kwa mfuko
hadi pipa la nyuma, hapa Walsall,
jirani akichungulia pazia kana kwamba nimeua.

Bwana Tranter, aliyeniuzia, alisema:
Ilikuwa nzima ilipotoka dukani kwangu.
Nikaandika barua, kisha barua ya kuikumbusha barua.
Akanyamaza kama friza yake.

Wakili alinitajia ada ya saa moja.
Nikamshukuru, nikakata simu.
Basi nikawa wakili wangu mwenyewe,
mimi Mwanakheri, mpika pilau,
ambaye Kiingereza changu kinajua bei, mvua na pole.

“Eleza madai yako kwa ufupi,” ilisema fomu.
Ufupi! Mimi niliyelelewa na wanawake
ambao salamu peke yake ni nusu saa.
Nilianza na harusi, nikafuta.
Nilianza na mbuzi, nikafuta.
Twaiba, binti yangu, akachukua kalamu:
“Mama, anza na tarehe.”

Wiki tatu akawa hakimu,
ameketi juu ya ndoo ya mchele, taulo begani.
“Jibu ulichoulizwa tu,” ananikata.
Ana miaka kumi na mitano. Huruma hana hata chembe.

Siku yenyewe nilivaa koti la msibani.
Nilitarajia mawigi, mbao nyeusi, nyundo.
Nilikuta chumba kama cha kliniki,
jagi la maji, zulia lenye doa,
na mwanamke mwenye mafua akitafuta miwani:
huyo ndiye hakimu.
Na Bwana Tranter, mfupi kuliko sauti yake,
naye hana wakili,
naye ana faili la buluu, ndugu wa langu,
na karatasi zinamtetemeka mkononi.
Nilikuja na hasira ya kutosha watu wanane.
Sikujua niiweke wapi.

Risiti ya friza? Hii hapa.
Picha ya kidimbwi? Hii.
Hakimu akaandika, akapenga kamasi, akaandika.

“Na ya nyama?”

Nyama nilichukua kwa Irfan.
Irfan hupima, husema “ukipata utaleta,”
na hesabu huiweka nyuma ya jicho.
Miaka kumi na mmoja hajakosea hata peni,
wala mimi sijamkimbia.
Nikasema hivyo. Nikasema kwa ufupi.
“Nakuamini,” alisema hakimu,
“ila imani haina mizani.”

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Methali hiyo naijua tangu sijaota meno,
nimewagawia wengine kama sadaka.
Ilinisubiri chumba namba nne, ghorofa ya pili.

Pauni mia nne na kumi za friza, na ada juu yake.
Nyama: sifuri.
Bwana Tranter alinishikia mlango,
kwa kuwa mlango ni mzito,
na kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.
“Mvua,” alisema.
“Pole,” nilisema.

Pesa zilipoingia nilizipeleka kwa Irfan.
Akazitia mfukoni bila kuzihesabu.
“Zilizobaki, ukipata utaleta.”
Nikasema: Niandikie risiti.
Kisu kikabaki hewani.
“Nimekukosea nini, dada?”

Nikamweleza. Akafuta mikono, akatafuta kalamu,
akararua karatasi ya kufungia nyama,
akaandika kiasi, akaandika tarehe,
kisha akainua uso uliojaa haya
ya miaka kumi na mmoja:

“Jina lako unaliandikaje?”