Karani Atoa Ushahidi

Jina langu Umazi. Karani, miaka tisa,
ofisi ya Wakili Dzombo, barabara ya Nkrumah,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani.
Ngazi arubaini na nne. Nazijua
kwa sababu Bi Mwanasiti alizihesabu kwa sauti
kila Jumatatu ya mwisho wa mwezi,
goti lake la kushoto likimlalamikia.

Mwaniuliza, waheshimiwa, barua ngapi.
Kumi na saba.
Nilizipiga chapa kwa vidole hivi.
"Faili yako ingali kotini."
"Hakimu amehamishwa Garissa."
"Watu wa bima wanavuta miguu, tuwe na subira."
Kisha muhuri, pwa. Kisha sahihi ya bwana,
ndefu, imepinda kama mkia wa taa,
na wenye kujua pwani wajua mkia huo una nini.

Watu wa bima hawakuvuta miguu.
Hundi ilifika mwaka wa kwanza, mwezi wa Machi:
laki tisa na elfu sitini,
thamani ya Mbwana, mwanawe wa pekee,
aliyelaliwa na trela pale Changamwe
mkononi ana chupa mbili za maji ya kuuza.
Mimi ndimi niliyeipeleka benki.
Joto la siku ile! Nilisimama njiani nikanywa dafu,
nikaifuta bahasha kwa leso isilowe.

Aprili, ofisi ikapata kiyoyozi.
Wakili akapata gari lisilotoa sauti.
Mimi nikapata nyongeza ya elfu mbili
na sikuuliza imetoka mfuko gani.
Andikeni na hilo.

Yeye alikuja na mahamri kwenye kitambaa,
yananukia iliki, yangali moto.
"Kula, mwanangu, mwaandika mno humu ndani."
Nikala.
Nikapangusa mafuta, nikamwandikia ya kumi na mbili.

Kila alipoambiwa rudi mwezi ujao
alisimama mlangoni akasema neno lilelile:
"Mungu ndiye Wakili."
Bwana alicheka, akaweka tai sawa,
akadhani asifiwa,
kana kwamba jina hilo lilikuwa lake kwanza
na Mungu ndiye aliyeliazima.

Nakala? Ninazo. Zote.
Zilikuwa nyumbani Kisauni, mkebe wa biskuti, chini ya kitanda.
Msinishukuru. Sikuziweka kwa ajili yake.
Niliziweka ili siku moto ukiwaka
nisisukumwe mimi mbele.

*

Uamuzi ulisomwa Ijumaa, kabla ya swala.
Jina lake lifutwe kwenye orodha ya mawakili.
Mstari mmoja wa wino. Nilidhani utatoa mlio.
Arejeshe fedha zote,
na ada aliyojilipa kwa kudanganya,
katika siku tisini.

Siku ya tisini na tano
nimepita barabara ya Digo, nimeona ubao mpya.
Jina ni la shemejiye.
Kiyoyozi ni kilekile, naujua mkoromo wake.
Mama amepata laki moja na nusu. Nyingine, rufaa.

Na karani? Karani hana orodha ya kufutwa.
Nilirudi nyumbani na jina langu zima.

Jana alikuja kwangu. Nikadhani ataka pesa.
Alitaka risiti
ya elfu kumi na tano za mwanzo kabisa,
alizouzia bangili,
siku tuliyomwambia kitabu cha risiti kimekwisha.
"Nataka karatasi moja," akasema,
"moja tu ya kweli, kutoka mkono uleule."

Kitabu hakikuwa kimekwisha. Nilikuwa nacho,
kurasa tele, nyeupe.
Nikaandika: Nimepokea kutoka kwa Mwanasiti binti Bwika.
Nikaanza kuweka tarehe ya siku ile,
miaka sita nyuma, nikitaka kuinyoosha.

Akanishika kiganja.
"Ya leo," akasema. "Usianze tena."