Rejea ya Ishirini na Tatu

Jarida limenirudishia makala kwa sababu ya koma.
Si kwa floridi, si kwa visima kumi na vinne
nilivyopima toka Maji ya Chai hadi Ngurdoto,
si kwa hesabu. Kwa koma,
na nukta baada ya herufi ya kwanza ya jina,
na namba ya juzuu iandikwe kwa wino mnene,
na jina la jarida lilazwe ubavu
kama mgonjwa aliyeambiwa asubiri daktari.

Siku saba, wamesema. Leo ya sita.
Usa River umeme umekatika tangu saa mbili,
betri imebaki asilimia thelathini na moja
na mimi nina rejea hamsini na mbili.

Rejea ya nne: Kaaya.
Ya tano: Kaaya. Ya kumi na moja: Kaaya.
Hawajuani. Mmoja ni wa meno, mmoja ni wa miamba,
wa tatu simfahamu, ila kaandika vizuri
juu ya mifupa ya mbuzi.
Wawili wamechapisha mwaka mmoja; nawapa a na b,
kama mama wa mapacha afungavyo uzi mkononi
asije akamnyonyesha mmoja mara mbili.

Majina sita tu, yasema kanuni,
kisha andika: na wenzake.

Nawajua wenzake.
Nilikuwa mwenzake miaka mitatu,
jina la nane katika makala ya watu tisa,
mimi niliyeshuka na chupa za sampuli toka Leguruki,
matope hadi magotini, kifuniko kimoja nimekishika kwa meno.
Leo kisu ninacho mimi.
Nakata baada ya la sita.
Wa saba ni Ndewario.
Samahani, Ndewario.

Sasa hii ya ishirini na tatu.
Ripoti ya mwaka sabini na moja, faili la ofisi ya maji,
taipureta isiyo na r,
kila r imechomekwa kwa kalamu, kwa subira.
Ukurasa wa tisa: "Maji haya ni safi kwa macho,
lakini meno ya watoto wa shule yana rangi ya chai.
Sababu itafutwe."
Ikatafutwa. Sote tumeitafuta, tukapata shahada,
tukanukuuana sisi kwa sisi.

Jarida lauliza: mwandishi? mchapishaji? mji? kiungo?
Chini pana sahihi tu. E. N., mpima maji.

Mchana nilimpigia mtunza mafaili, Mama Anaeli.
Hakufikiri hata kidogo.
"Huyo ni Eliakimu. Kastaafu, yuko Poli,
ana ng'ombe wawili na kiswaswadu. Andika namba."

Iliita mara nyingi.
Nikajitambulisha, nikataja ripoti, mwaka, ukurasa.
Kimya. Ng'ombe akalia.
Kisha sauti, taratibu, ya mtu aliyeitwa ofisini:
"Kwani nilikosea wapi?"

Hukukosea, mzee. Nataka jina lako tu,
liandikwe sawasawa.
"Nnko," akasema. "N mbili. Watu huwa wanasahau moja."

Naandika: Nnko, E. (1971).
Kompyuta inampigia mstari mwekundu.
Inamnyang'anya n moja, namrudishia.
Inamnyang'anya. Namrudishia.
Asilimia tisa.

Kwenye mchapishaji naweka: Ofisi ya Maji, Arusha.
Kwenye kiungo sina cha kuweka.
Nikiandika namba ya simu yake watakataa,
na ng'ombe hawana anwani ya kudumu.
Nacheka peke yangu. Kioo kinanirudishia meno,
kahawia mbele, kahawia pembeni,
data ghafi, haijachapishwa popote.

Asilimia nne.
Rejea ya ishirini na nne:
kurasa hazijatajwa.