Udongo wa Ugenini

Sheria za raga sizijui.
Sijui kwa nini mpira unarushwa nyuma
na watu wote wanataka kwenda mbele.
Ninachokijua ni karai, sabuni ya mche,
na jezi kumi na tano za Chuo cha Ufundi Shinyalu,
bluu, enzi za mkuu wa chuo aliyestaafu.
Nalipwa shilingi kumi kwa jezi. Soksi bure.

Mwezi wa tatu walianzia nyumbani.
Udongo wetu naujua: mwekundu, mng'ang'anizi,
unakaa kwenye mshono kama mgeni asiyeaga.
Sare, akasema Lubisia, kumi kwa kumi,
akinitulia gunia mlangoni huku anachechemea.
Nilianika mapema. Huku kwetu ikifika saa tisa
mvua haibishi hodi.

Kisha Kisumu.
Gunia lilirudi na uzito wa mahindi mabichi.
Udongo mweusi, ule wa mashamba ya mpunga,
ukilowa ni gundi, ukikauka ni jiwe.
Namba sita haikuwa na kola.
Namba mbili ilikuwa na damu, na si ya mwenye jezi,
alinihakikishia mwenyewe, kwa fahari kidogo.
Matokeo sikuuliza.
Mlinzi wa lango ndiye aliyeninong'oneza:
arobaini na moja kwa tatu.
Nikaziloweka usiku kucha, na maji nikabadilisha mara nne.

Maseno tulishinda.
Nasema tulishinda, mimi niliyekuwa napalilia sukuma.
Nilijua kabla hawajafika; kelele zao zilianzia Khayega,
na Ambunya, namba nane, mtoto wa mchinjaji,
alining'inia mlangoni mwa basi
jezi imezungushwa kichwani kama kilemba.
Kumi na tisa kwa kumi na nane.
Pointi moja ina upana gani?
Labda kama ule mstari wa ikweta kulekule Maseno,
ambao watu huuvuka kwa hatua moja
halafu wanasimama kupigwa picha.
Siku hiyo nililipwa na za soksi.

Kisii sitaki kuieleza sana.
Hospitalini walimkata Ambunya jezi kwa mkasi,
kutoka shingoni mpaka kwapani.
Uzi wa bluu ulikuwa umeniishia, nikashona kwa mweusi.
Jezi ilirudi uwanjani. Bega halikurudi.
Alikuwa anakuja kukaa kwenye kinu changu kilichopinduliwa,
ananipa vibanio kimojakimoja kwa mkono wa kushoto,
hasemi kitu, ila akiona namba nane
anakawia kidogo kukitoa kibanio.

Ikabaki Nakuru.
Wakishinda wanapanda daraja, alisema Mwalimu Indeche,
na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekopa nauli.
Mimi nilikuwa na hamu yangu.
Nilisikia vumbi la kule ni jeupe kama unga,
linatoka ziwani, lina chumvi.
Nikanunua ndimu mbili, nikanunua brashi mpya.

Gunia likarudi jepesi.
Nikatoa ya kwanza, ya pili, ya tisa.
Safi. Mikunjo yangu ileile ya Ijumaa.
Basi lilichemka Mau Summit, akasema Lubisia;
tulipofika refa alishakunja kibendera,
wenyeji wamepewa mechi bila kutoa jasho.
Nilizifua hivyohivyo, jezi safi,
na maji yakabaki maji.

Lakini namba nane ilikuwa nyeupe kifuani.
Nyeupe kweli, kama ya mtu aliyelalia unga.
Nani aliivaa? Lubisia akatazama viatu vyake.
Ambunya alishuka, akasema, na mkono wake kwenye tanji,
uwanja ukiwa mtupu, watoto wa kuokota chupa peke yao,
akakimbia kutoka mwisho hadi mwisho,
akajitupa na mpira katikati ya milingoti.
Hakuna aliyeandika.

Hiyo niliianika bila kuifua.
Brashi ikabaki kwenye karatasi yake.
Nilitaka ikae hivyo angalau mpaka Jumapili.

Saa tisa mvua ikaja, ikaifua yenyewe.