Swali la Kumi na Nne

Swali la kumi na nne lipo chini ya fomu,
baada ya meno, kabla ya usingizi:
Mtoto hutazama skrini saa ngapi kwa siku?
Nimeliuliza miaka mingi hapa Kemi,
kaskazini mwa Ufini, ambako Januari
jua huchungulia tu, kama mgeni anayekataa kuvua koti,
na jibu ni lile lile:
"Kidogo tu."

Kidogo. Neno hili nimelipima kuliko nilivyopima watoto.
Kidogo cha mama wa mapacha huanza kabla ya uji
na huisha betri ikiisha.

Chumbani kwa kahawa hatupatani.
Pirkko, anayestaafu Juni, hazunguki mbuyu:
"Ningezikusanya simu zote mlangoni, pamoja na mabuti."
Heta, mwenye mtoto wa miezi kumi na mmoja,
anakoroga kahawa isiyo na sukari:
"Na mimi nitaoga lini?"
Tukacheka.
Halafu tukaacha kucheka.
Mimi hukaa katikati yao, mahali pabaya,
panapopigwa na upepo wa milango yote miwili.

Jana aliletwa Vilho, miaka miwili na miezi minne.
Nikampa kitabu cha kurasa ngumu.
Akaweka kidole juu ya bata, akamtelezesha kushoto.
Bata hakuondoka.
Akarudia, taratibu, kwa subira ya fundi saa,
kisha akaniinulia macho
kana kwamba mimi ndiye niliyeharibika.

Maneno manane, niliandika.
Mama yake, Jonna, akayahesabu upya kwa vidole,
akaongeza la tisa: jina la sungura wa katuni.
"Nafanya zamu ya usiku," aliiambia meza.
"Kiwanda cha karatasi. Baba yake yuko Norwei hadi Machi.
Saa moja asubuhi namchukua kwa mlezi;
yeye ndiyo kwanza yu macho,
mimi nalala nimekaa."

Fomu haina kisanduku cha kulala umekaa.

Maneno nilikuwa nayo. Yamo kwenye kijitabu
chenye familia inayocheka juu ya zulia safi.
Na ni ya kweli, hilo ndilo linaloniudhi:
mtoto huokota lugha usoni pa mtu,
na kioo, hata kiseme vipi, hakimsubiri ajibu.

Lakini ilifika zamu ya sindano.
Vilho alipoiona trei akakakamaa kama ubao,
na mkono wangu, huu huu wa kalamu na swali,
ukaingia mfukoni, ukatoa simu,
ukawasha katuni.
Sungura akacheza. Paja likalegea.
Sindano ikaingia, ikatoka.

Jonna akanitazama.
Mtu mwingine angesema kitu.

Nikazima simu. Midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka.
Nikashuka sakafuni, magoti yakalia kabla yake,
nikapuliza glavu, nikaifunga fundo:
kuku mwenye kishungi cha vidole vitano.
Vilho akaikagua.
Akaweka kidole, akatelezesha kushoto,
na glavu ikaruka! Ikagonga mzani,
ikamrudia puani.

"Tena," alisema.

Nikageuka nimwambie mama yake
kwamba hilo hatukulihesabu.
Jonna alikuwa amelala kitini,
kijitabu changu kimefunguka mapajani,
buti moja mkononi.

Tukacheza kimya kimya, mimi na Vilho.
Tena. Tena.
Pirkko aligonga, orodha mkononi,
akachungulia,
akaufunga mlango kwa kiganja
ili kitasa kisilie.